Nisamehe Bure

Nilipoanza kujifunza Kiswahili kwa dhati, kuna msemo mmoja ulionipendeza kuliko yote. Mtu akitaka kusema jambo linaloweza kumuudhi mwenzake, hutanguliza: "Nisamehe bure." Niliona ni adabu ya hali ya juu. Nilianza kuutumia kila mahali, darasani, bwenini, hata kwa muuza chapati. Leo naandika insha hii kuupinga. Siupingi kwenye mazungumzo ya barazani, huko uendelee kustarehe. Naupinga pale ulipohamia kanisani, ukavaa suti, ukashika kipaza sauti na kuanza kuitwa Injili.

Hoja yangu ni hii. Sisi Wakristo, na hasa sisi vijana wa vikundi vya maombi vya chuoni, tumeufanya msamaha kuwa kitu anachodaiwa aliyeumizwa, badala ya kuwa kitu anachokitafuta aliyeumiza. Tumegeuza upendo kuwa neno la kutamka, wakati kwa asili yake upendo ni kazi ya mikono. Na kwa kufanya hivyo tumewabebesha mzigo wa pili watu ambao wa kwanza ulikuwa tayari umewavunja mgongo.

Wanafunzi wenzangu na walimu wangu waheshimiwa, najua maneno haya ni makali. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Mimi ni mtoto wa Gitambi, wilayani Rusizi, kwenye vilima vinavyotazama bonde la Bugarama. Asubuhi ukisimama uani kwetu unaona ukungu umelala juu ya mashamba ya mpunga kule chini. Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota Bugarama sokoni, kutoka kwa wachuuzi wanaovuka mipaka na vikapu vyao. Nimelelewa na bibi yangu, mzaa mama. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 alipoteza mume na watoto wa kiume 3. Alibaki na mama yangu, wakati huo akiwa na miaka 10. Nyumba yao iliezuliwa mabati. Ng'ombe wao alichukuliwa, na bibi anamjua aliyemchukua, kwa sababu moshi wa nyama ulitoka kwenye ua unaoonekana kutoka mahali alipokuwa amejificha.

Mahakama za gacaca zilipokaa kilimani kwetu, jirani huyo alikiri. Kuua hakushtakiwa nako. Alishtakiwa kwa uporaji. Iliamriwa alipe ng'ombe na mabati. Miaka ikapita. Hakulipa. Halafu akaokoka.

Siku moja, nikiwa bado shule ya sekondari, alikuja kwetu akiwa na mhubiri na watu kama 6 wa kikundi chao cha sala. Waliimba kuanzia njiani. Bibi aliwatolea viti, mimi nikaketi kwenye mkeka. Mhubiri alieleza kwamba ndugu huyu ni kiumbe kipya, dhambi zake zimeoshwa, Mungu hazikumbuki tena, na sasa kimebaki kitu kimoja tu ili shetani aaibike: bibi asimame, amkumbatie, aseme mbele ya mashahidi kwamba amesamehe. Jirani alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa amesema neno.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza jirani, si mhubiri: "Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Mhubiri ndiye aliyejibu. Alimwambia bibi kwamba anashangaa kuona mama mzee anamweka ng'ombe mbele ya uzima wa milele. Akamkumbusha kwamba asiyesamehe naye hatasamehewa. Wakaomba kwa sauti kubwa ili moyo wake ulainike, wakaondoka wakiimba. Usiku ule bibi hakula. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo yeye ataingia mbinguni, na mimi nitabaki nje?"

Hapo ndipo insha hii ilipozaliwa, ingawa imechukua miaka kuandikwa.

Kwanza niseme juu ya huyo ng'ombe, maana msomaji asiye Mnyarwanda anaweza kukubaliana na mhubiri kwamba bibi alikuwa anadai nyama. Kwetu ng'ombe ni undugu. Watu wakitaka kufungamana kwa urafiki usiokatika, mmoja humgabia mwenzake ng'ombe, na tangu siku hiyo nyumba zao huwa moja. Ng'ombe hutoka kwa ajili ya mahari. Shukrani kubwa ya Mnyarwanda humtaja aliyempa ng'ombe. Aliyechukua ng'ombe wa jirani yake na kumla alikuwa anakula undugu wenyewe. Basi bibi alipouliza ng'ombe yuko wapi, alikuwa anauliza swali la kiroho kuliko yote yaliyosemwa mchana ule: ule undugu mliokula, mmekuja kuurudisha au mmekuja kuniomba nijifanye haukuliwa?

Sisi tunaosoma lugha tuna wajibu wa kupima maneno. Kwa Kinyarwanda kusamehe ni "kubabarira". Neno hilo limetoka kwenye "kubabara", yaani kuumia, kuhuzunika, likaongezewa mnyambuliko wa kutendea, ule ule tunaoujua katika Kiswahili. Anayeomba "mbabarira" anasema, ukilifuata neno hadi kwenye mzizi: umia kwa ajili yangu. Tazameni uzito wake. Ni kumwomba mtu uliyemuumiza akubali kuumia tena, safari hii kwa ajili yako. Neno kama hilo haliwezi kutamkwa huku mikono iko mfukoni. Na Kiswahili nacho kimetupa neno "toba", ambalo asili yake ya Kiarabu ni kurudi. Mtu hurudi mahali alipotoka. Aliyetoka uani kwa bibi na ng'ombe, toba yake njia yake ni moja, nayo inaelekea uani kwa bibi.

Sasa tuje kwenye Kitabu chenyewe, kwa sababu mhubiri alikuja nacho mkononi. Katika Mathayo 5, mstari wa 23 na 24, Yesu anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo dhidi yake. Anaagizwa aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza akapatane. Someni polepole: nani anaambiwa aondoke madhabahuni? Ni yule anayelaumiwa, mkosaji. Sisi tumeupindua mstari huo. Mkosaji tunamketisha mbele, tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda, halafu tunatuma ujumbe nyumbani kwa aliyeumizwa kumwambia yeye ndiye anayezuia sadaka isipokelewe.

Mnasema Yesu aliamuru kusamehe mara sabini mara saba. Ni kweli, na simo miongoni mwa wanaotaka kuufuta mstari huo. Lakini katika Luka 17, ambako hesabu inayofanana na hiyo inatajwa, sharti liko wazi: ndugu yako akikosa, mwonye; akitubu, msamehe. Kuonya kupo. Kutubu kupo. Mbona kwenye mahubiri yetu hatua hizo 2 za kwanza zimekatwa kama mkia wa mbuzi, tukabakiwa na ya tatu peke yake?

Mtazameni Zakayo katika Luka 19. Mtoza ushuru mkuu, tajiri kwa jasho la wengine. Yesu anakwenda kula kwake bila sharti lolote, na hiyo ndiyo neema, imetangulia, haikununuliwa. Lakini Zakayo anapoipokea neema hiyo, haimbi pambio. Anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Baada ya kutaja hesabu ndipo Yesu anatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo leo. Mhubiri wetu alitangaza kwamba wokovu umefika kwa jirani wakati waliodhulumiwa bado wanalala chini ya paa la nyasi. Mmoja kati yao wawili amekosea, na sidhani ni Yesu.

Na kuna barua fupi kuliko karibu zote za Paulo, ile kwa Filemoni. Paulo anataka kumpatanisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, na bwana wake. Hakumwandikia Filemoni kwamba asiposamehe atakwenda motoni. Aliandika kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liwekwe juu yake yeye Paulo, atalilipa. Huyo ndiye mpatanishi. Anayetaka kusuluhisha watu aingize mkono katika mfuko wake mwenyewe, asiingize kidole katika kidonda cha mwenzake. Wale watu 6 waliokuja kwetu wakiimba wangechanga kidogo kidogo wakanunua hata ndama, bibi yangu angelia kwa furaha, nami leo nisingekuwa na insha ya kuandika.

Kuna atakayesema kwamba nadai mambo yasiyowezekana, kwamba hii ni nadharia ya mwanafunzi. Namjibu kwa kumwonyesha mahali palipo hapa hapa Rusizi, si mbali na kwetu: parokia ya Mushaka. Padri Ubald Rugirangoga, aliyezaliwa mwaka 1955, alipoteza baba yake katika mauaji ya mwaka 1963, na mwaka 1994 akapoteza mama yake na ndugu wengi. Alipohudumu Mushaka, watu waliokiri makosa yao walikuwa wanarudi vilimani kutoka magerezani, wengine wakitaka kurudi moja kwa moja mezani pa Bwana. Padri hakuwafukuza, wala hakuwafungulia mlango kwa kelele za vigelegele. Walipitishwa katika mafundisho ya muda wa takriban miezi 6. Walitakiwa kwenda kwa familia walizozikosea, kusema ukweli na kuomba msamaha. Walionusurika nao waliandaliwa kwa upande wao, bila kuburutwa. Mwishoni walipokewa hadharani, aliyekosewa akisimama pamoja na aliyemkosea.

Na yeye mwenyewe? Alimsamehe mtu aliyehusika na mauaji ya mama yake, kisha akawasomesha watoto wa mtu huyo. Tafadhali msipite haraka hapo. Padri huyu angeweza kusimama kimbelembele kuwaambia wengine wasamehe, maana alikuwa na haki hiyo kuliko wahubiri wote ninaowajua. Lakini msamaha wake mwenyewe ulikuwa na risiti za ada ya shule. Alifariki Januari 2021 huko Marekani, na sisi watu wa Rusizi tumebaki na mfano ambao ni aibu kuusifu tu bila kuufuata.

Sasa nijibu wapinzani wangu mmoja mmoja, maana nawajua, wengine tunalala chumba kimoja.

Wa kwanza anasema: neema ni bure, ukidai malipo unarudi kwenye sheria. Nakubali kwamba neema ya Mungu ni bure. Hakuna ng'ombe wa kumlipa Mungu. Lakini jirani yangu hakula ng'ombe wa Mungu, alikula ng'ombe wa bibi. Kuna madaftari 2, na kufutwa kwa jina katika moja hakumaanishi limefutwa katika la pili. Mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyeuawa na Wanazi Aprili 1945, alikwisha kuandika mwaka 1937 juu ya neema ya bei rahisi, ile isiyombadilisha mtu chochote, akaiita adui wa kanisa. Aliandika akiwaona Wakristo wa nchi yake wakisali kwa utulivu huku jirani zao wakiteswa. Sisi wa nchi hii, tuliokuta makanisa yaliyogeuzwa machinjio, hatuna udhuru wa kutolielewa onyo hilo.

Wa pili anasema: mkosaji ni maskini, atatoa wapi ng'ombe? Swali zuri, na lilikwisha kujibiwa na sheria ya gacaca ya mwaka 2004 kabla wahubiri hawajalifikiria. Kwa mali iliyoharibiwa sheria hiyo iliweka njia 3: kurudisha kilichochukuliwa, kukilipa, au kufanya kazi yenye thamani yake. Mahakama hizo zilifungwa rasmi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za mali. Basi maskini ana mikono. Ana jembe. Ana ulimi wa kusema ukweli. Jirani yetu hakuwa na ng'ombe, sawa, lakini alikuwa na asubuhi. Kila asubuhi alipita mbele ya shamba la mwanamke mzee asiye na mume wala mtoto wa kiume, akielekea kwenye maombi.

Wa tatu anasema: unafukua makaburi, unahatarisha umoja wetu. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ndugu yangu, katika nchi hii kufukua makaburi si msemo. Mwaka 2018, huko Kabuga, nje kidogo ya Kigali, makaburi ya halaiki yaligunduliwa chini ya nyumba za watu na viwanja vyao. Miaka 24 watu walikuwa wakipita juu yake. Wapo waliojua wakanyamaza, na si ajabu kwamba miongoni mwao walikuwamo watu wa kusali. Kwa aliyenusurika, kuambiwa mpendwa wake amelala wapi ni zawadi kubwa kuliko ng'ombe 10. Na haigharimu hata faranga moja. Umoja unaovunjika kwa sababu mtu amesema ukweli haukuwa umoja. Ulikuwa ukimya uliopakwa rangi.

Wa nne, na huyu ni msomi, anasema: kanisa si mahakama, kazi yake ni kuhubiri upendo. Namjibu kwamba kanisa lenyewe limekubali lina deni. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya waumini wao walioshiriki mauaji. Machi 2017 Papa Francis, alipompokea Rais wetu Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake. Nayaheshimu maneno hayo. Lakini maneno ya Roma hayatekelezwi Roma, hutekelezwa Gitambi, kati ya uzio na uzio. Likisomwa tamko kule juu, halafu huku kilimani mjane akaambiwa anaabudu ng'ombe, basi tamko halijafika.

Tena, upendo unaohubiriwa una sura gani? Hebu twende Nyange. Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia katika kanisa la Nyange waliuawa humo, na jengo likabomolewa kwa tingatinga juu yao. Padri wa kanisa hilo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, na mwaka 2008 adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Nina hakika humo kanisani upendo ulikuwa umehubiriwa kila Jumapili kwa miaka mingi. Kisha, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, hapo hapo Nyange, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu. 6 waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa.

Walikuwa wanafunzi kama sisi. Walikuwa na madaftari kama yetu, pengine na mtihani kesho yake. Sijui walikuwa wakisali kiasi gani, na sitaki kujua. Najua kwamba upendo ulipowafikia ulikuwa na gharama, na hawakuomba punguzo. Mahali pamoja, miaka 3 kati ya tukio na tukio. Jengo la imani likaanguka juu ya watu, na darasa la vijana likasimama. Kwangu mimi hapo ndipo penye mtihani wa kila mahubiri ya upendo: je, kesho asubuhi yatagharimu nini?

Nimewasema wahubiri, sasa nijiseme mimi, maana nyani haoni kundule, na nisingependa kuwa nyani wa insha hii.

Mwaka jana nilikopa faranga 20,000 kwa mwenzangu wa chumba ili nilipie kitambulisho na vitabu. Niliahidi mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Nilikuwa kiongozi wa sala katika kikundi chetu. Ijumaa moja tulikuwa na ibada ya toba, nami niliongoza. Niliwaambia watu wafumbe macho, wamkabidhi Mungu kila aliyewakosea, waachilie. Nilisema kwa hisia, hata machozi yalinitoka. Nilipofumbua macho nilimwona mwenzangu yule safu ya pili. Alikuwa hajafumba. Alikuwa ananitazama tu, kwa utulivu, kama bibi alivyomtazama jirani siku ile.

Nilitambua kwamba nilikuwa nimeitisha ibada nzima ili anisamehe bure.

Na si mimi peke yangu. Tuchunguzane. Nani kati yetu hajanakili kazi ya mwenzake, kisha akaimba kwaya? Nani hajamharibia msichana jina bwenini, halafu akasema amemwombea? Nani hajamwacha mwenzake afanye kazi ya kikundi usiku kucha peke yake, asubuhi akamwandikia "samahani sana, Mungu akubariki"? Tunalitupa jina la Mungu mwishoni mwa deni kama mtu anavyotupa majani juu ya shimo. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamcheka mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, na asimpe chochote. Sisi tumekwenda mbali zaidi: tunamwambia tuliyemnyang'anya chakula aende kwa amani, na atusamehe.

Kwa hiyo sishauri tuache kuhubiri msamaha. Nashauri tuuhubiri kuanzia upande wake sahihi. Tukitaka kuitisha ibada ya toba, siku 7 kabla yake kila mmoja aandike madeni yake, ya fedha, ya maneno, ya ukweli aliouficha, aende akayalipe au aanze kuyalipa. Atakayekuja Ijumaa aje na risiti. Mtu anayetoa ushuhuda wa kuokoka aulizwe kwa upole swali la bibi yangu. Na aliyeumizwa aachwe. Apewe muda, apewe kiti, apewe ng'ombe wake. Kusamehe kwake kutakuja kama mvua, kwa wakati wake, au hakutakuja, na hilo ni kati yake na Mungu anayejua alichokiona kutoka mafichoni. Dawa ya deni ni kulipa. Wahenga hawakusema dawa ya deni ni mdai kusahau.

Mnaweza kuniuliza jirani aliishia wapi.

Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi moja ya Jumanne, bibi alitoka nje akamkuta analima shamba letu la mihogo. Alikuwa peke yake, bila mhubiri wala wimbo. Sijui nani alimwambia, au kama hakuambiwa na mtu. Bibi alirudi ndani akafunga mlango. Alhamisi akaja tena. Akaendelea hivyo, Jumanne na Alhamisi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha akaondoka zake bila kupiga hodi. Wiki za kwanza bibi hakutoka kabisa akiwapo. Baadaye akaanza kutoka na kukaa upande wa pili wa ua, akichambua maharage. Wiki ya 9 alinituma nimpelekee maji. Wiki ya 12, kama sikosei, alimpelekea mwenyewe pombe ya mtama ndani ya kibuyu, akaiweka chini kwenye ukingo wa shamba, akarudi.

Hawajakumbatiana mpaka leo. Bibi hajasimama mbele ya mashahidi. Lakini likizo iliyopita nilimsikia akimsimulia mama, kama mtu anayetaja habari za kawaida, kwamba yule jirani siku hizi mgongo unamsumbua, na kwamba amemwambia apumzike Alhamisi. Kwa sikio langu lililosoma mnyambuliko wa vitenzi, hiyo ndiyo kubabarira: mwanamke mzee wa Gitambi akiumia kwa ajili ya mgongo wa mtu aliyekula ng'ombe wake.

Mimi faranga 20,000 nilizilipa kwa awamu 4. Awamu ya mwisho nilimpa mwenzangu mlangoni mwa maktaba. Alizihesabu, akaziweka mfukoni, akaniuliza kama nimeshakula. Tukaenda kula.